Magazini ya bastola inapogongagonga: kwa walinzi wanaoanza kazi

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi wa kumi, maghala ya Masasi, Newala, Tandahimba na Nachingwea huongeza walinzi, na wapo wanaokabidhiwa bastola kwa mara ya kwanza. Usiku makuli wakishaondoka na ghala kutulia, mlinzi anapiga hatua, anasikia kiunoni: kacha, kacha. Mara nyingi magazini, yaani kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini wa bastola, ni nzima. Ila ipo milio inayotangulia risasi kukwama, na mlinzi mpya hana budi kujua kuitofautisha.

Kabla ya kutafuta chochote, toa magazini, ndipo ukoki, yaani uvute nyuma kile kipande cha juu cha bastola. Ukikoki magazini ikiwa bado ndani, risasi moja inaruka nje na nyingine inaingia chemba, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapofyatuliwa, nawe unadhani bastola ni tupu. Vuta nyuma, shikilia, tazama chemba, kisha ipapase kwa ncha ya kidole kidogo, maana kwenye mwanga hafifu macho hudanganya. Muda wote huo mtutu uelekee kwenye ndoo ya mchanga. Kazi hii ifanyike pale mnapokabidhiana silaha, kamwe si getini.

Sasa itenge sauti. Tikisa bastola peke yake, kisha ikiwa na magazini isiyo na risasi. Kama inagonga hapo, magazini inacheza kwenye tundu lake. Nafasi kidogo imeachwa makusudi ili ishuke yenyewe ukibonyeza kitufe, kwa hiyo usiwe na wasiwasi isipokuwa ukiivuta chini inachomoka bila kitufe kubonyezwa. Hapo kilichosagika ni kitufe au kijino kinachoishika, nayo ni kazi ya fundi.

Kama kelele iko kwenye magazini yenye risasi ukiwa umeishika mkononi, zinazotembea ni risasi zenyewe. Risasi ya 9x19, yaani ya milimita 9 yenye ganda la milimita 19, haizidi urefu wa milimita 29.69, na magazini imetengenezwa ndefu kuliko hapo kidogo ili risasi isikwame. Zile zenye tundu kichwani huwa fupi, hivyo hucheza zaidi. Piga mgongo wa magazini kwenye kiganja mara mbili tatu, yaani ule upande ambao vitako vya risasi vinaegemea. Zote zitarudi nyuma na kelele itapungua. Ukitembea itarudi, na haina madhara. Usijaze karatasi wala sponji humo kuizima.

Kipimo chenye maana zaidi ni cha dole gumba. Punguza risasi mbili kwenye magazini iliyojaa, kisha bonyeza ile ya juu. Inatakiwa ishuke ikikupinga, na ukiachia ipande papo hapo kwa nguvu, ikiwa imelala vizuri. Ikipanda kwa uvivu, ikibaki chini, au ikirudi pua imeinama, springi imechoka, imepachikwa kinyume, au kuna uchafu. Magazini ya namna hiyo isiingie lindoni.

Watu husema springi inachoshwa na kukaa na risasi. Kinachoichosha zaidi ni kubanwa na kuachiwa mara kwa mara, na kwenye ulinzi ndivyo inavyokuwa, kwa sababu risasi huhesabiwa kila zamu. Kuhesabu hakuepukiki, kwa hiyo springi zibadilishwe mapema. Madhara mengine ya makabidhiano huonekana kwenye risasi yenyewe: ile ya juu ikiingizwa chemba na kutolewa kila siku, kichwa chake husukumwa kidogo kidogo ndani ya ganda. Zisimamishe risasi zote juu ya meza tambarare, inama macho yawe sawa nazo. Iliyo fupi kuliko wenzake, au ambayo kichwa chake kinazunguka ukikisokota kwa vidole, itenge na uirudishe kwa mtunza silaha. Ikifyatuliwa, mgandamizo ndani ya ganda hupanda kupita kiasi. Mchakacho mwembamba unaousikia ukitikisa risasi moja sikioni ni baruti tu, kwa kuwa mara nyingi ganda halijai.

Kelele kubwa isiyo ya kawaida iwashtue kwa sababu nyingine. Risasi ya Makarov, 9x18, ina urefu wa milimita 25 hivi, na hukaa kwenye magazini ya 9x19 bila kupinga, ikigonga mbele na nyuma. Soma maandishi ya kitakoni, moja baada ya nyingine. Kuandikwa 9 peke yake hakutoshi.

Vumbi la barabara za juu Newala huingia hata kwenye mkoba uliofungwa, na kwa walioko Mikindani au Lindi mjini, chumvi ya bahari huleta kutu. Ukifungua kifuniko cha chini cha magazini, kizuie kwa dole gumba na uweke uso pembeni, maana springi huruka. Angalia imekaaje kabla hujaitoa. Futa ndani kwa kitambaa kikavu. Mafuta yapakwe kidogo sana kisha yafutwe yote: yakibaki hunasa vumbi, na yanaweza kupenya hadi kwenye fataki ya risasi, ile ya kitakoni inayowasha baruti, ikashindwa kuwaka.

Mwisho tazama midomo ya juu inayozuia risasi. Ilinganishe na magazini mpya ya aina ileile. Iliyopanuka au kupasuka huachia risasi ikidondoka sakafuni, na kuibana kwa koleo huifanya ibane isivyo. Hiyo hubadilishwa.

Ziandike magazini namba kwa rangi, 1, 2, 3, na kwenye daftari la zamu weka namba pamoja na tatizo: "Na. 2, risasi inapanda polepole." Mwenzako wa asubuhi hataipokea bila kujua.