Siku tatu za kwanza Toronto

Ndugu, umesema wewe na shemeji mna siku tatu tu Toronto, na mnataka kuanza na maporomoko ya Niagara siku mtakayotua. Msithubutu. Ni kilomita kama 130, na usingizi wa ndege utawamaliza njiani. Iwekeni siku ya tatu.

Kutoka uwanja wa Pearson pandeni treni ya UP Express. Dakika 25 mko Union Station, katikati ya jiji. Jioni tembeeni tu ufukweni mwa ziwa, mle, mlale.

Kesho yake asubuhi nendeni St. Lawrence Market, ila Jumatatu hufungwa. Sendwichi yake maarufu ni ya nguruwe, kama hamli ulizeni kwanza. Mchana vukeni kwa feri hadi visiwani. Mnara wa CN una mita 553, lakini mimi naona unapendeza zaidi ukiutazama kutoka kule, jiji zima likiwa mbele yenu, tena bila foleni ya lifti.

Kwenye tramu kila mmoja agonge kadi yake ya benki. Nauli moja inatumika kwa muda wa saa mbili, hata mkibadilisha basi. Na bei za dukani hazijajumlisha kodi, msishtuke kaunta.