Maswali ya Wasomaji: Panya Wanaozunguka Ghala na Mabanda

SWALI: Ndugu mtaalamu, nina ghala dogo la mahindi, banda la kuku na zizi la mbuzi. Kila mwaka baada ya mavuno panya huongezeka. Huweka sumu ndani ya ghala, wakafa wachache, lakini wiki chache baadaye hali hurudi kuwa ileile. Je, nitumie sumu kali zaidi?
Mkulima, Kilosa, Morogoro

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Unawaua waliokwisha kuingia huku nje ukiwaachia makazi wale watakaochukua nafasi zao. Mahindi yanapovunwa, panya shamba hukosa chakula na maficho shambani, nao hufuata majani marefu hadi kwenye majengo. Utafiti wa miaka mingi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, palepale Morogoro, umeonyesha kwamba kuzaliana kwao hufuata mvua, na kwamba mvua za vuli zikiwa nyingi huanza kuzaa mapema. Jike hubeba mimba siku 23 hivi na ana chuchu zinazoweza kufika 24, kwa hiyo wachache uliowaua hufidiwa upesi.

Anza kwa kuzunguka majengo yako. Fyeka majani na uache ukanda mtupu wa angalau mita moja kandokando ya kila ukuta, kwa kuwa panya huogopa kuvuka mahali peupe panapoweza kumfichua kwa bundi. Kuni, mabati chakavu na matofali yaliyorundikwa ukutani yahamishwe, au yapangwe juu ya chanja. Pumba zinazomwagika kwenye banda la kuku zizolewe kabla ya jioni, maana panya hula zaidi usiku. Wengi hulaumu ghala ilhali karamu iko kwenye vyombo vya kuku.

Jioni ziba kwa udongo kila shimo unaloliona, kisha asubuhi utazame ni yapi yamefukuliwa, maana hayo ndiyo yenye wenyeji. Angalia pia chini ya ukuta: mahali wanapopita kila siku hubaki mstari mweusi wa mafuta ya manyoya yao. Mitego na chambo viwekwe hapo, si katikati ya uwanja.

Kama ghala lako limesimama juu ya nguzo, kila nguzo ivishwe koni ya bati iliyogeuzwa mdomo chini, kiasi cha sentimita 75 kutoka ardhini. Koni hiyo haitafaa kitu ikiwa ngazi imeachwa imeegemezwa usiku au tawi la mwembe linagusa paa. Panya mdogo wa nyumbani hupenya tundu la milimita 6 tu, basi matundu yazibwe kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zilizokandikwa saruji.

Kuhusu sumu, zinki fosfaidi huua kwa saa chache, lakini panya aliyeonja kidogo akaugua na kupona hataigusa tena. Zile zinazozuia damu kuganda, kama bromadioloni, huua baada ya siku kadhaa, kwa hiyo panya hahusishi maumivu na chakula alichokula. Chambo kiwekwe ndani ya kipande cha bomba kilichofungwa ukutani, mbali na kuku, mbuzi na watoto, na kiongezwe hadi kisiliwe tena. Mizoga iokotwe kila asubuhi kwa glavu na kufukiwa, kwani paka au bundi akiila naye anaweza kufa. Sumu ya vifuko visivyo na lebo, inayouzwa na wachuuzi stendi, usiinunue kabisa. Nenda duka la pembejeo lililosajiliwa.

Na washirikishe majirani. Mkifyeka na kutega nyote katika wiki ileile, hasa mara tu baada ya mavuno, mtapata nafuu ambayo shamba moja haliwezi kuipata peke yake.

SWALI: Je, paka wawili hawatoshi?
Msomaji, Handeni

JIBU: Paka husaidia pale panya walipo wachache, lakini panya wakishakuwa wengi paka hawawamalizi. Afadhali paka hao walishwe vizuri ili wasitoroke, na kinyesi na mkojo wa panya viloweshwe kwa maji yenye klorini kabla ya kufagia, maana mkojo wa panya hueneza homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria uliozuka Lindi mwaka 2022.