Swichi za kuhisi mwendo: gharama iko wapi hasa?

Unauliza kama kubadilisha swichi zote za nyumba ziwe za kuhisi mwendo kutakugharimu sana. Bei ya swichi yenyewe ndiyo sehemu ndogo. Mwambie fundi afungue kisanduku kimoja cha swichi kwanza: nyingi za aina hii huhitaji waya wa nyutro (ule unaorudisha umeme), na nyumba nyingi hazina waya huo pale kwenye swichi. Kuuvuta ukutani ndiko kunakomaliza pesa.

Halafu piga hesabu ya umeme utakaookoa. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka bure saa 5 kila siku hula takriban yuniti 16 tu kwa mwaka. Mimi ningeweka stoo na koridoni. Chumbani hapana, ukitulia kusoma inakuzimikia.