Maji yanayovuja kimyakimya: maswali yenu na majibu

Shikamoo fundi. Bili ya maji imepanda karibu mara mbili na matumizi ni yaleyale. Fundi aliyekuja anataka kuvunja marumaru koridoni atafute bomba. Nimruhusu? (Mbagala, Dar es Salaam)

Marahaba. Usimruhusu bado, anza na mita. Subiri maji yatoke, maana wakati wa mgao mita haikwambii kitu. Funga koki zote za ndani na nje, pamoja na njia ya kuingia tangini, kisha tazama kile kigurudumu kidogo usoni mwa mita. Kikizunguka, hata polepole, kuna maji yanapita bila mtu kuyatumia. Sasa funga valvu ya kuingilia nyumbani. Kikiendelea kuzunguka, panapovuja ni uani, kati ya mita na nyumba, na marumaru zako hazihusiki kabisa. Kikisimama, tatizo liko ndani.

Hata ndani, anza na choo. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la kuflashi, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikiteremka bakulini, mpira wa chini ya tangi umechakaa. Choo cha namna hii hakilowanishi sakafu wala mara nyingi hakipigi kelele, lakini maji hupita usiku kucha, na kila uniti moja ya bili ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Sakafu nyingi mno zinavunjwa bure kwa sababu ya mpira wa bei ndogo. Choo kikiwa kizima na kigurudumu bado kinazunguka, ndipo mzungumzie nyundo.

Ukuta wa chumbani unabanduka rangi na kutoa unga mweupe. Nyuma yake kuna bafu. Ni bomba? (Likoni, Mombasa)

Unga huo ni chumvi: maji yanapita ukutani, yanakauka, chumvi inabaki juu. Angalia unyevu umekaaje. Unaopanda kutoka ardhini hutanda chini ya ukuta kwa urefu wake, kwa kawaida hauvuki mita moja kwenda juu, na huzidi wakati wa masika. Wa bomba una doa moja lililolowa kuliko pengine, na haujali msimu.

Mita ikiwa imetulia, shuku bomba la maji machafu au mishono ya marumaru za bafuni, kwa sababu maji hayo yamekwisha kupita mita. Mkiweza, ogeni kwingine siku chache muone kama doa linafifia. Rangi mpya isubiri ukuta ukauke.

Tumehamia nyumba ya mbao yenye uvungu chini ya sakafu, mtu huingia kwa kutambaa. Unanuka ukungu na una dimbwi. Nianzie wapi? (Ohio, Marekani)

Usiingie kwanza. Penye maji yaliyotuama umeme uzimwe, kwani nyaya nyingi hupita humo. Ukiingia, vaa barakoa na glavu, na mwenzako abaki mlangoni.

Dimbwi linalokuja baada ya mvua au theluji kuyeyuka ni la nje: safisha mifereji ya paa, na bomba lake limwage maji walau mita 2 kutoka kwenye msingi. Lisilokauka hata kiangazi, kapime mita kama nilivyoeleza juu, kisha mulika maungio yaliyo chini ya jiko na bafu. Pitisha karatasi laini iliyo kavu chini ya kila kiungo. Unyevu ambao jicho halioni, karatasi italowa. Kagua hasa baada ya baridi kali, maana maji yakiganda hupanuka na kupasua bomba, na ufa huanza kutoa maji barafu inapoyeyuka. Ila bomba la maji baridi lililojaa matone mwili mzima wakati wa joto halivuji. Ni unyevu wa hewa, livishwe sponji.

Pakikauka, tandika nailoni nzito juu ya udongo wote. Kama umepanga, piga picha na umwandikie mwenye nyumba leo hii.

Maji yakirudi baada ya mgao huanza na matope. Yanahusiana na kuvuja? (Morogoro)

Yanaweza, na hili linanitia hofu kuliko bili yoyote. Tundu linalotoa maji wakati wa presha hunyonya uchafu wa nje bomba likiwa tupu. Likipita karibu na shimo la choo, hapo ndipo homa ya matumbo na kipindupindu huingilia.

Waulize majirani. Kwao kukiwa vilevile, toeni taarifa mamlaka ya maji. Kukiwa kwako tu, tafuta uani majani yaliyostawi wakati wa ukame au udongo unaodidimia. Mwaga maji ya mwanzo, ya kunywa uchemshe. Na ukilipata tundu, usilifunge kwa mpira wa tyubu: kata kipande kilichotoboka, fundi aunge kipya.