Mbarara inasoma stoo ya jana, na intaneti haina kosa

Saa mbili na nusu asubuhi simu ya Mbarara iliita, rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ikiwa bado mkononi mwangu. "Ssebo, kompyuta inasema nina mifuko 60 ya sukari. Stoo nimetoka sasa hivi, hamna hata mmoja."

Duka letu la jumla liko Kikuubo, Kampala, na seva kuu iko hapohapo. Mauzo yote yanaandikwa pale. Tawi la Mbarara linasoma kwenye nakala yake, yaani seva ya pili inayoiga data ya seva kuu, lisisubiri mtandao kila mteja anapouliza bei. Asubuhi hiyo nakala ilikuwa nyuma kwa saa kumi na moja.

Hajji, mwenye mali, akasema ni mtandao. Nami nikaitikia, kwa kuwa lawama ya mtandao haina mtu wa kuipinga. Tukanunua kifurushi kikubwa zaidi. Wiki ikapita, sukari hewa ikarudi.

Ndipo nikakaa nikatazama, jambo nililopaswa kuanza nalo. Upande wa nakala, MySQL, programu yetu ya hifadhidata, ina nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazokwenda sambamba. Mmoja ni mchukuzi: anavuta logi (orodha ya mabadiliko ya data) kutoka seva kuu na kuirundika kwenye diski. Mwingine ni mtekelezaji: anaisoma na kuyafanya yaliyoandikwa. Ukiandika SHOW SLAVE STATUS (tangu toleo la 8.0.22 ni SHOW REPLICA STATUS) utaona kila mmoja amefika wapi. Linganisha alipofika mchukuzi na inapoandika seva kuu. Kama wako pamoja, mwache mtu wa intaneti apumzike. Na ile namba ya Seconds_Behind_Master usiiamini peke yake: inampima mtekelezaji kwa yale yaliyokwisha kufika, kwa hiyo mchukuzi akikwama njiani inaweza kukuonyesha 0 bila haya.

Kwetu mchukuzi alikuwa amemaliza kazi zamani. Mtekelezaji ndiye aliyeganda kwenye muamala mmoja (fungu la mabadiliko linalofanywa kwa pamoja), kiini kimoja cha prosesa kikiwaka asilimia 100, vingine vimelala. Ulikuwa ufutaji wa usiku: mistari 40,000 ya zamani kutoka jedwali la mistari 900,000, kwa amri moja. Seva kuu hulipitia jedwali mara moja na kumaliza. Kwa mpangilio wetu, nakala haipewi ile amri ya kufuta. Inapewa mistari yenyewe, mmoja mmoja, iitafute na kuifuta. Na jedwali lile halikuwa na ufunguo msingi (kitambulisho cha pekee cha kila mstari) wala indeksi yoyote ya kuutafutia mstari haraka. Katika toleo la 5.7 tulilokuwa nalo, kila mstari ulitafutwa kwa kupekua jedwali tangu mwanzo, mara 40,000. (Aliyelitengeneza jedwali hilo ni mimi. Tuendelee.)

Wazo la kwanza lilikuwa kuongeza ufunguo kwenye seva kuu. Lakini amri hiyo nayo ingepanga foleni nyuma ya ufutaji uleule. Kwa hiyo nilisimamisha mtekelezaji kwenye nakala, nikaweka indeksi hapohapo juu ya namba ya risiti na namba ya bidhaa, nikamwasha tena. Kabla chai haijapoa Mbarara ilikuwa imefika.

Ufunguo wa kudumu niliuweka baadaye, juu ya safuwima hizohizo mbili. Usikimbilie kuongeza namba inayojihesabu yenyewe kwenye jedwali lisilo na ufunguo: seva kuu na nakala zinaweza kuipanga mistari tofauti, mstari uleule ukapata namba mbili. Kosa hilo ni baya kuliko kuchelewa, maana halipigi kelele.

Siku hizi ufutaji unakwenda mistari 1,000 kwa mara. Tulipohamia 8.0 nikawasha mpangilio wa sql_require_primary_key, uliokuja na 8.0.13, na sasa jedwali lisilo na ufunguo linakataliwa mlangoni, hata likiwa langu.

Kile kifurushi kikubwa bado tunakilipia. Hajji hajaniuliza, nami sijamkumbusha.