Mzee asiuze boda: jibu langu kwa makipa wa Arua

Mdogo wangu, umeniuliza mambo mawili: huku Afrika Kusini kipa analipwa kiasi gani, na je, mzee auze boda boda yake ili umlipe wakala aliyekuahidi timu ifikapo Januari. Vijana wengine watatu wa kwetu Arua, Uganda, wameniuliza hayo hayo, basi najibu hapa msome wote.

Kila mmoja wenu ananitajia Denis Onyango, kipa wetu wa Uganda. Hata mimi nilikuja kwa sababu yake. Mwaka 2016 alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika na Mamelodi Sundowns ya huku, akawa pia kipa wa kwanza kupewa tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika. Ila njia aliyopita hamuitaji. Alitoka SC Villa ya nyumbani, akaenda Saint George ya Ethiopia, ndipo akaja huku SuperSport United. Na Sundowns walipomchukua mwaka 2011, walimtoa kwa mkopo kwanza kabla hajawa kipa wao namba moja. Winga akikosa namba kulia atajaribiwa kushoto, au ataingizwa dakika ya 70. Kipa wa akiba anakaa, msimu mzima pengine. Tena ligi kuu ya huku inairuhusu klabu wageni watano tu, na makocha wengi wanaona heri nafasi hiyo apewe mfungaji mabao.

Mimi nacheza daraja la chini. Mshahara ukija unatosha chumba, nauli, chakula na kidogo cha kumtumia mama. Mwaka wangu wa kwanza tulikaa miezi mitatu bila kulipwa, nami nikamwambia mama benki ina shida. Nilimdanganya kwa aibu, na hadi leo inaniuma. Sikujua kwamba kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji anayedai mishahara ya miezi miwili kuvunja mkataba, akishaiandikia klabu na kuipa siku 15 ilipe. Likariri hilo.

Julai huku asubuhi nyasi zina barafu na mpira unakuwa jiwe. Mazoezini, krosi ilinigonga ncha ya kidole cha pete kikateguka. Kocha wa makipa alikivuta kikarudi, akakifunga na cha kati kwa plasta, nikavaa glavu tena, maana kijana wa miaka 19 alikuwa tayari anapasha misuli nyuma ya goli. Kidole hicho hakikunjiki vizuri. Nikisonga posho, yaani ugali, nakisikia.

Hata hivyo sijutii kuja. Nyumbani tulijirusha kwenye changarawe na anayechubuka zaidi ndiye tuliyemwita kipa. Huku nimefundishwa miguu kabla ya mikono: hatua fupi za pembeni, kusimama imara kabla mpigaji hajapiga, kuamua mapema kama krosi ni yangu au ya beki. Hayo unaweza kuyaanza kesho, hapo hapo Arua, bila pasi ya kusafiria.

Sasa wakala. Wewe una miaka 17. FIFA hairuhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla hajatimiza miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache, na wewe huyatimizi. Mtu anayeomba hela leo kwa timu ya Januari ama hajui kazi yake au anakuibia. Na akikwambia mbadilishe mwaka wa kuzaliwa kwenye pasi, mwite mzee asikie kwa masikio yake. Ukishatimiza 18, wakala akuonyeshe leseni ya FIFA na barua ya klabu inayosema nani analipia safari na malazi. Hana, achana naye.

Mzee asiuze boda, ndiyo inayowalisha. Desemba kuna mtu wetu anarudi Arua, nitampa glavu zangu za msimu uliopita akuletee. Viganja vimeanza kuchubuka, lakini ukivilowesha kidogo kabla ya mechi bado vinashika.