Fundi Anajibu: Balbu Mpya, Taa Bado Inafifia

SWALI: Mwanangu fundi, salamu kutoka Mikindani. Nina Corolla ya mwaka 1996 ambayo nimedumu nayo tangu nikiwa bado darasani. Katika miezi minne nimebadilisha balbu ya taa ya mbele ya kushoto mara tatu, hapa nyumbani, kwa mikono yangu mwenyewe. Mbili za kwanza ziliungua. Ya tatu, ambayo muuzaji alinihakikishia kuwa ni ya wati 100 na ingemaliza tatizo, inatoa mwanga hafifu wa rangi ya chungwa, ilhali ya kulia ni ile ile ya zamani na inamulika vizuri. Soketi ya kushoto imegeuka rangi ya kahawia. Msimu wa korosho unakaribia na nitalazimika kwenda Lindi na kurudi usiku mara kwa mara. Ninunue balbu ya namna gani? – Mwalimu mstaafu, Mikindani

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Nakuomba usinunue balbu yoyote kwanza. Balbu mpya inayowaka kwa rangi ya chungwa kwa kawaida haina ubovu; inakosa umeme wa kutosha, na umeme huo unapotea njiani kabla ya kuifikia. Ukitaka kujihakikishia, chukua balbu nzima ya kulia uipachike kushoto kwa dakika moja tu. Ikififia nayo, basi mgonjwa ni soketi au nyaya zake.

Ninashuku soketi, kwa sababu ya ile rangi ya kahawia. Upepo wa bahari huku kwetu, kuanzia Msimbati hadi Kilwa, hauachi salama hata bati la nyumba, sembuse vipande vyembamba vya shaba vilivyofichwa nyuma ya taa ya gari lenye umri wa miaka mingi. Chumvi ikishaingia, shaba huota ukungu wa kijani au mweupe, mguso wake na miguu ya balbu hulegea, na pale umeme unapopita kwa shida ndipo joto linapozaliwa. Sasa fikiria ile balbu ya wati 100. Balbu iliyokusudiwa kwa gari lako, aina ya H4 yenye miguu mitatu bapa, hutumia wati 55 kwenye dimu, yaani mwanga wa chini, na wati 60 kwenye fuli, yaani mwanga wa mbali, maana yake ni ampea 5 hivi kwa betri ya volti 12. Balbu ya wati 100 huvuta zaidi ya ampea 8, na kwa kuwa joto kwenye mguso mbovu huongezeka kwa mraba wa umeme unaopita, soketi yako ilibebeshwa joto linalokaribia mara tatu ya lile la balbu ya kawaida. Plastiki ingekosaje kuungua? Ninasikitika kila ninaposikia balbu hizo zikiuzwa kama dawa ya taa hafifu, kwa sababu anayezinunua huwa ni mtu aliyekwisha kupata hofu barabarani na anatafuta usalama.

Kwa hiyo nunua soketi mpya ya H4 inayokuja na vipande vyake vya waya, na ukiipata ya kauri ni bora zaidi kwa kuwa inastahimili joto. Chomoa kwanza waya wa hasi wa betri. Kata nyaya za zamani hadi ufikie shaba inayong'aa, kwa maana shaba iliyogeuka nyeusi ndani ya ganda lake haifai kuungwa, kisha ziunge moja moja kwa kufuata mpangilio wa miguu ile ile, uchomee kwa risasi na kuzifunika vizuri ili unyevu usipenye. Ukiona kazi hii inakuzidi, mpelekee fundi umeme wa magari hii peke yake. Balbu utaiweka mwenyewe.

Katika kuiweka balbu ndiko ninakodhani zile mbili za kwanza ziliharibikia. Kioo cha balbu ya halojeni hupata joto la mamia ya nyuzi, na mafuta ya vidole yakibaki juu yake, sehemu hiyo hupata joto tofauti na nyingine, na balbu hufa kabla ya siku zake. Ishike kwenye kitako cha chuma tu, au tumia kitambaa safi kikavu, na ukiigusa kwa bahati mbaya ifute kwa spiriti, kisha uiache ikauke. Isubiri ya zamani ipoe kabla ya kuitoa, nayo usiiminye wala kuiangusha, kwa sababu gesi iliyomo ndani ina mgandamizo. Kitako kina masikio matatu yasiyolingana, hivyo balbu hukaa kwa namna moja tu; ikikataa, igeuze taratibu bila kuilazimisha. Waya wa springi ukishaifunga, itikise kidogo uone kama inacheza, maana balbu inayocheza hukatika nyuzi kwa mtikisiko wa barabara mbovu.

Usisahau mpira unaoziba nyuma ya taa. Mafundi wengi huutupa kwa sababu unawachelewesha, na huo ndio mlango wa chumvi. Ukiwa umepasuka, tafuta mwingine.

Fyuzi nayo ibaki ya ampea zilizoandikwa kwenye mfuniko wa kisanduku chake, hata kama uliwahi kushauriwa kuweka kubwa zaidi. Mwishoni, injini ikinguruma, pima betri kwa mita: kipimo kikiwa kati ya volti 13.8 na 14.5, alteneta, yaani mtambo unaochaji betri, haina kosa. Kikizidi hapo, ndiyo inayochoma balbu, na balbu za pande zote mbili zitaendelea kufa hadi itengenezwe. Kisha simamisha gari mbele ya ukuta usiku na uwashe dimu. Mwanga wa kushoto ukipanda juu kuliko wa kulia bila wewe kugusa skrubu za kurekebishia, balbu haijakaa sawasawa. Rudi uikalishe upya.

SWALI: Ninaendesha Noah ya abiria, na wenzangu wameweka balbu za LED kwenye taa zilizotengenezwa kwa balbu za halojeni. Zinang'aa sana. Je, na mimi niweke? – Dereva, Lindi

JIBU: Ndugu yangu, ukizitazama kwa mbele zinang'aa kweli, lakini kioo cha ndani ya taa kilichongwa kwa ajili ya uzi mwembamba ulio mahali maalumu, na chanzo cha mwanga kikiwa na umbo jingine, mwanga hutawanyika. Sehemu yake humwingia machoni dereva wa lori la korosho anayekuja kutoka Mingoyo, na sehemu nyingine hukuangazia miti badala ya mtembea kwa miguu aliye kando ya lami. Kagua soketi zako, na iliyoharibika uibadilishe kama nilivyomweleza Mwalimu hapo juu, weka balbu za wati sahihi, zote mbili kwa pamoja, kisha uende usiku ukazijaribu kwenye barabara tulivu kabla ya kupakia abiria.